Gauni la Kijani Limepinda

Ukunda,
20 Machi 1999

Kwa dada yangu mpenzi Mejumaa, huko Maskati,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada.

Kabla sijakuuliza habari za afya, ninao wajibu mzito. Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya ukoo mzima wa mzee Boga, nakutangazia kwamba lile gauni la kijani la mwanao Hanifa, lile ulilolisifu kwenye picha ya Idd ya mwaka jana mpaka ukawaonyesha wenye nyumba wako, limepinda. Bega la kushoto limenyanyuka kama linataka kuuliza swali darasani. Pindo lake upande mmoja linafagia kifundo cha mguu na upande wa pili linaonyesha muundi. Gauni lilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi miwili, halikuwahi kuugua, na limemwacha fundi mmoja mwenye aibu pamoja na jaketi mbili za wahudumu wa hoteli zisizo na vifungo. Siku ya maziko itatangazwa.

Haya, sasa tuamkiane kama watu. U hali gani dada? Magoti yako je, na lile joto la huko linalokukausha midomo? Wale mapacha wa bibi mwenye nyumba wameacha kurusha wali? Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Wifi yako Kadzo anakusalimu mara tatu, na amenituma nikwambie kwamba kitambi cha ndugu yako kimefika mahali pa kutundikia mkasi. Nimekataa kuliandika hilo, lakini unaona mwenyewe nani anatawala nyumba hii.

Barua yako aliileta Luqman aliporudi kutoka huko Ijumaa ya juzi, pamoja na ubani na zile sabuni. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama, na mara ya pili nikakaa. Umenishukuru humo mpaka nikatafuta pa kujificha. Umeniita baba wa pili wa mwanao. Kisha umeandika kwamba tangu siku ile ya simu hulali vizuri; kwamba laiti ungalikuwa nyumbani ukimsuka na kumsugua mgongo ungaliona mapema; kwamba mwanamke aliyeacha mgongo wa mwanawe upinde ili akawapikie watoto wa watu hastahili kuitwa mama. Na mwisho umeuliza: nyumba nzima yenye watu na macho, ilikuwaje hakuna aliyeona?

Swali hilo nitalijibu, dada. Lakini unanijua. Mimi hata koti la kushona siku mbili hulipapasa siku nne kwanza. Niache nianze mwanzo, maana kwenye simu ile ya posta tuliongea kwa dakika tatu, na mbili ulizitumia kulia.

Mambo yalianzia kwenye shati. Julai ya mwaka jana Hanifa alichaguliwa timu ya netiboli ya shule. Mwalimu wao wa michezo ni Kathini, mama wa Kikamba, mmoja wa wale waliohama wakati wa fujo za kuwafukuza watu wa bara halafu wakarudi, na amerudi na filimbi yake. Akaagiza Mombasa mashati ya kiwandani, kumi na mawili, yote sawasawa. Wasichana kumi na mmoja yakawakaa. Hanifa shati lake likateleza upande, shingo ikaenda huku, pindo likaenda kule. Mwalimu akamwambia abadilishane na mwenziwe. La mwenziwe nalo likapinda, na lile la kwanza likanyooka kwa mwenziwe. Basi akaja naye hadi kibandani kwangu, shati mkononi, akasema fundi, hii shati imenishinda. Unajua masikio yangu kwa Kiswahili cha bara. Nikawa namfundisha kwamba shati ni hili, si hii, naye akanitazama mpaka nikanyamaza. Akasema alikuwa bado hajamaliza: shati si mbovu. Akamwambia Hanifa ainame aguse vidole vya miguu. Mtoto akainama pale pale mbele ya cherehani, na upande wa kulia wa mgongo wake mbavu zikainuka kama kilima, upande wa kushoto pakabaki bonde.

Mwalimu akaniuliza, fundi, si wewe ndiye humshonea huyu mtoto? Hujawahi kuona?

Nikamjibu kwamba mimi naona nguo, mwalimu, sioni watu. Akacheka kidogo. Mimi nikacheka sana. Likumbuke jibu hilo, dada, tutalirudia.

Kutoka pale mwalimu hakutuacha tupumue. Hospitali ya Msambweni tukapelekwa, mtoto akapigwa picha ya eksirei, na ile picha walipoitundika kwenye taa nilidhani wameweka ya mtu mwingine. Uti wa mgongo ulikuwa umejikunja kama herufi ya S iliyoandikwa na mtoto wa chekechea. Tukapewa barua ya kwenda Nairobi, kwenye hospitali moja ambako Novemba wangekuja madaktari wageni kufanya kazi bila malipo kwa watoto sita, pamoja na bingwa wetu wenyewe wa mifupa, Daktari Kimeu. Hapo ndipo nilipokupigia simu, nawe ukasema fanyeni, nawe ukalia.

Daktari Kimeu ni mtu mfupi mwenye sauti ya chini, na kola yake ilikuwa imegeuzwa, upande uliochakaa ukafichwa chini, vizuri mno. Nilimpenda kwa hiyo kola. Alitueleza kwamba mgongo umepinda digrii hamsini na mbili, kwamba hakuna aliyemkosesha mtoto chakula wala aliyembebesha mzigo mbaya, kwamba huwatokea wasichana wengi wakiwa katika kurefuka na mpaka leo wao madaktari hawajui hasa kwa nini. Kwa hivyo hilo la kwamba ulimbeba vibaya mgongoni alipokuwa mchanga, dada, litoe moyoni leo hii. Nilimuuliza kwa niaba yako. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

Kisha akauliza kama ipo eksirei ya zamani, maana alitaka kujua mgongo unapinda kwa kasi gani. Hatukuwa nayo. Jinsi alivyokuja kupata jibu lake nitakueleza mbele.

Njia ya siku zote ya kunyoosha mgongo kama huo, akasema, ni kumpasua mgonjwa kutoka chini ya shingo hadi kiunoni. Hanifa akanishika mkono. Lakini wageni hawa wamekuja na njia mpya, ambayo kwa watoto wa kupinda kwa namna ya Hanifa inafaa: matundu matano ubavuni, chini ya kwapa la kulia. Kwenye tundu moja huingiza kijiti chenye kamera, na kilichomo kifuani huonekana kwenye televisheni. Kwenye mengine huingiza vyuma virefu vyembamba, wakafanya kazi yote humo ndani, macho yakiwa kwenye televisheni, mikono ikiwa nje.

Hanifa alikuwa haelewi, na muuguzi naye alikuwa anamchanganya zaidi. Nikaomba ruhusa nieleze mimi. Nikamwambia, mwanangu, unakumbuka koti la yule meneja wa hoteli? Sikulifumua lote ili nirekebishe ndani. Nilifungua mshono mdogo kwenye bitana ya mkono, nikaingiza vidole, nikalivuta na kulirekebisha koti zima kupitia tundu hilo, nikalirudisha, nikafunga, na yule meneja hajui mpaka leo. Hanifa akasema kumbe ni hivyo tu. Daktari Kimeu akaandika kitu kwenye karatasi yake. Akasema atalitumia hilo la koti kwa wagonjwa wengine, akiruhusiwa na fundi. Fundi alimruhusu, na akatoka humo na kifua mbele, akasahau kwa nusu saa nzima kwamba ni mtu mwovu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Walimwingiza saa mbili asubuhi. Mimi na Kadzo tulikaa kwenye benchi, yeye anavuta tasbihi, mimi ninahesabu makoti meupe yaliyokosa vifungo: kumi na saba. Saa sita hawajatoka. Saa nane hawajatoka. Saa tisa Kadzo aliniambia niache kuhesabu kwa sauti ama nihame benchi. Kwa yale matundu madogo kazi huchukua muda mrefu kuliko kumfungua mtu wazi, walikuwa wametuambia, lakini kuambiwa ni kitu kimoja na saa tisa ni kitu kingine. Walipaswa kulipumzisha pafu la upande mmoja ili wapate nafasi, kisha kuzitoa zile gegedu laini zilizo kati ya pingili, kisha kutia skrubu katika kila pingili iliyopinda, na mwisho kupitisha ufito wa chuma wakaukaza taratibu mpaka mgongo ufuate. Mimi niliyewahi kujidunga sindano kidoleni nikazimia, mbele ya mteja, nilikuwa naliwaza hilo saa saba mfululizo.

Saa kumi kasorobo Daktari Kimeu akatoka. Alivua kofia kwanza. Akasema mtoto anachezesha vidole vya miguu. Dada, sijawahi kusikia maneno mazuri kuliko hayo kwa lugha yoyote.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa ngumu, sikufichi. Alikuwa na mpira kifuani wa kutoa maji na hewa, na kukohoa kulimliza. Siku ya nne akasimama, akamwambia Kadzo kwamba sakafu imeshuka, na kumbe yeye ndiye amepanda: amerefuka karibu inchi mbili. Siku ya saba bandeji zilipobadilishwa nikaomba kuona. Matundu matano, hakuna hata moja linalozidi urefu wa kidole gumba changu, na mishono yake, walahi, sikuiona dosari. Nilitafuta kwa nia mbaya kabisa, nikakosa. Kwenye eksirei mpya digrii zimebaki kumi na nane. Daktari alisema hazitafika sifuri na wala hazihitaji kufika.

Baada ya hapo ikawa miezi mitatu ya kuvaa gamba la plastiki kifuani, nami nikamshonea fulana za pamba za ndani lisimchubue. Januari akarudi shule nalo, darasa la nane, na wenzake wakampa jina la Kobe. Akawaambia kobe huishi miaka mia, wao watazikwa na yeye. Ni mwanao kabisa. Wiki iliyopita, Alhamisi, gamba likavuliwa rasmi. Netiboli bado, lakini mwalimu Kathini amempa filimbi, na nasikia anapuliza kuliko mwalimu.

Sasa nimefika pale nilipokuwa naogopa kufika, na karatasi nilizo nazo zimebaki mbili, kwa hivyo sina pa kuzungukia.

Ijumaa, siku ya pili bila gamba, Hanifa alilitoa gauni la kijani kabatini akalivaa. Akatoka ukumbini. Wifi yako akaangua kicheko, akaniuliza hili ulilikata ukiwa umesinzia? Lilikuwa hivyo nilivyokueleza, bega juu, pindo mshazari. Tulicheka wote, hata mimi, kwa mazoea. Kisha nikaona Hanifa ameacha kucheka. Amepeleka vidole kwenye bega la kushoto, anabonyeza. Akapeleka kwenye bega la kulia. Hakuna kitu. Akarudi la kushoto. Akaniuliza, mjomba, gauni hili lilikuwa hivi tangu lini?

Dada Mejumaa, niliona. Niliona kabla ya mtu yeyote duniani.

Uliondoka Februari ya tisini na tano. Nilipompima sare ya shule mwaka ule, kutoka bega hadi nyonga, kulia kulizidi kushoto kwa robo inchi. Nikadhani utepe umeteleza, nikapima tena. Mwaka uliofuata ikawa nusu inchi. Idd ya tisini na saba ilikuwa robo tatu, na ilipofika Idd ya ile picha ilikuwa inchi moja na zaidi. Yote nimeandika kwenye daftari langu la vipimo, kwa mkono wangu, na tarehe. Fundi akiona bega limeshuka hufanya nini? Anatia pedi. Akiona nyonga imepanda anashusha pindo upande huo. Kila mwaka niliongeza kidogo, na kila nguo ya mtoto huyu, sare, buibui, hata gauni la kulalia, ilikatwa imepinda ili yeye aonekane amenyooka. Picha uliyoisifu ulikuwa unalisifu gauni. Ndiyo maana shati la kiwandani lilimuumbua siku moja tu. Ndilo la kwanza kuvaa ambalo sikulishona mimi.

Utaniuliza kwa nini. Unamkumbuka shangazi yetu Mwanatumu na kibiongo chake. Unakumbuka watoto walivyomfuata kisimani wakimwimbia. Na unakumbuka, ingawa hujawahi kunitajia, ni nani aliyekuwa mbele ya wale watoto akiigiza mwendo wake, maana alikuwa hodari wa kuchekesha. Nilipoiona robo inchi nilizisikia nyimbo zile, nikasema hazitaimbwa kwa mwanao. Hiyo ndiyo sababu ninayoipenda. Ipo na nyingine. Nilijivuna. Kila Idd watu walipomtazama akipita wasione kitu, nilikuwa nakaa barazani nikijiambia Chirau, mkono wako hauna mwenzake pwani hii.

Kule Nairobi, daktari alipoulizia eksirei ya zamani, nilitoka nje, nikasimama kwenye korido, nikarudi na daftari. Huwa natembea nalo. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akachora mstari kwenye karatasi, akasema linamfaa sana, sasa anajua kasi yake na anajua si jambo la kungoja mwaka mwingine. Hakunikasirikia. Alikuwa ameinamia karatasi bado aliponiuliza, mzee, ulipokuwa ukiandika namba hizi, ulidhani ni za nini? Nikamuuliza ingekuwaje kama angeletwa mapema. Akasema pengine, hakuapa, pengine akiwa na miaka kumi na miwili gamba peke yake lingetosha, bila kisu. Hanifa alikuwa ametolewa kwenda kupimwa damu. Hakusikia. Nikamwachia asisikie, miezi minne.

Ijumaa ile nikamwambia yote, pale ukumbini, Kadzo akiwapo. Hanifa akapitisha vidole kwenye lile pindo la mshazari. Kisha akasema kwamba mgongo ulikuwa unamuuma tangu darasa la tano akichota maji, lakini kila akijitazama kwenye kioo alijiona sawa, akajiambia ni uvivu, akanyamaza. Hilo tu, dada. Kioo nilikishona mimi.

Wifi yako aliondoka akaenda kukoroga chungu kisichokuwa motoni.

Baadaye Hanifa akaleta mkasi wangu mdogo, akakaa mkekani, tukalifumua gauni pamoja, yeye upande wake, mimi wangu. Pedi ya kushoto tulikuta ina tabaka tano. Akaniambia nikuandikie mimi, na nisipokuandikia kabla ya Idd ya kuchinja ataandika yeye, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Kisha akatoa hukumu. Gauni la Idd hii atashonewa na Mwero.

Mwero, dada. Wa ng'ambo ya barabara. Mtu anayeshona mifuko ya suruali kama anashona magunia ya nazi. Nikauliza kama hakuna adhabu nyingine, hata viboko. Akasema hakuna, na kitambaa nipeleke mwenyewe. Nikapeleka juzi, nikiwa nimevaa kofia. Hanifa tulikwenda naye, na Mwero alimpima kulia, akampima kushoto, akaandika namba moja tu. Nilisimama pale nikaitazama namba ile moja kwenye daftari lake chafu mpaka akaniuliza kama nimekuja kumwibia kazi. Kisha Hanifa akanishika mkono tukavuka barabara, na kibandani akanivisha kofia vizuri, akasema mjomba, inapinda.

Kwa hivyo jibu la swali lako ni hilo. Nyumba ilikuwa na macho, na macho yaliona, na yalikuwa yangu. Usijilaumu tena kwa sababu ya safari yako. Ungalikuwa hapa, ningalikuficha wewe pia, kwa sindano ile ile. Jina la baba wa pili liweke kwanza. Ukiona bado nalistahili utanipa ukirudi, ukiona sistahili nitakuwa mjomba, na hilo Hanifa ameshaniachia.

Ile pedi ya kushoto imo ndani ya bahasha hii. Usiitupe kabla ya kuibonyeza kwa kidole. Hicho ndicho ulichokuwa huambiwi.

Kadzo anakusalimu tena, safari hii bila utani. Mwalimu Kathini anakusalimu. Hanifa anakubusu mikono, na anasema picha ya Idd hii ikifika uiangalie mishono ya Mwero uone walivyoteseka wengine. Msalimie bibi mwenye nyumba na wale mapacha. Mungu akulinde, akurudishe salama, na akupe usingizi.

Mdogo wako anayekuomba radhi,
Chirau Boga